Katuni za siasa: nani kasema lazima ucheke?

Kwenye meza za magazeti Dar es Salaam, asubuhi, watu husimama wakasoma bila kununua. Vichwa vya habari vimegeuzwa juu, kila gazeti limekandamizwa na jiwe lisipeperuke. Siku moja muuzaji ninayemzoea alikunjua gazeti kwenye ukurasa wa katuni akaliweka juu ya mengine. Wanaume watatu wakainama kulitazama. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasonya, akatikisa kichwa, akasema, "Katuchora huyu." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanunua.

Namkumbuka yule bwana kila ninaposikia watu wakisema wachora katuni wa siasa hawachekeshi siku hizi. Lalamiko hilo lina ukweli wake, na nitaufikia. Ila limebebwa na dhana ambazo zinatufanya tuwapime hawa watu kwa mizani isiyo yao.

Dhana: Katuni ni kichekesho, isiyochekesha imeshindwa

Lugha yetu imechangia hapa. Michoro ya magazetini tuliiita vichekesho tangu zamani, na tulikuwa na sababu. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na jina lake tu linakuweka mkao wa kucheka. Halafu likaja jarida la Sani na akina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodilofa, tukawa tunaliazimana hadi kurasa zinachanika. Msomaji aliyelelewa na hao akifungua katuni ya siasa anasubiri mbavu zimuume.

Katuni ya siasa ni ndugu yao wa tumbo moja, ila imeajiriwa kwingine. Iko karibu zaidi na tahariri: maoni ya mtu mmoja juu ya jambo la leo, yamebanwa kwenye kisanduku kimoja. Kicheko kimo kwenye mkoba wa fundi pamoja na huzuni, hasira na aibu, naye huchagua kinachofaa kazi ya siku hiyo.

Mtazame Handala. Mpalestina Naji al-Ali alimchora kama mtoto wa miaka kumi, umri aliokuwa nao yeye mwenyewe alipofukuzwa nyumbani mwaka 1948. Mtoto yuko pekupeku, nguo zina viraka, mikono ameikutanisha nyuma, na ametupa kisogo. Uso wake huuoni. Anasimama pembeni mwa mchoro anatazama kile unachokitazama wewe. Hakuna cha kuchekesha hapo. Naji al-Ali alipigwa risasi London Julai 1987, akafariki mwezi uliofuata, na hadi leo kile kisogo kinachorwa ukutani na watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Dhana: Aliyechorwa vibaya ametukanwa

Pua kubwa na kitambi ni hatua ya kwanza tu, na mchoraji yeyote chipukizi anaiweza. Kazi ngumu ni kutafuta alama moja itakayobeba hoja nzima.

Mwaka 2006, Jacob Zuma wa Afrika Kusini, akiwa na kesi ya ubakaji, aliieleza mahakama kwamba alioga baada ya tendo ili kupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Mahakama ilimwachia huru. Mchora katuni Jonathan Shapiro, anayejulikana kama Zapiro, akamwotesha bomba la bafu kichwani, na bomba hilo likamfuata mchoro kwa mchoro, miaka na miaka. Kila aliyeliona alikumbuka kauli iliyotoka kinywani mwa kiongozi mwenyewe, katika nchi ambayo watu walikuwa wakizikwa kila siku kwa ugonjwa huo. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya hamsini ulikuwa unakumbushwa. Zuma alimfungulia kesi kwa mchoro mwingine, ule wa 2008 uliomwonyesha mwanamke anayewakilisha Haki akiwa karibu kubakwa, mchoro mkali usio na chembe ya mzaha. Mwaka 2012 akaiondoa kesi hiyo mahakamani.

Gado naye, yaani Godfrey Mwampembwa, kijana wa Dar es Salaam aliyekwenda kuchorea Nairobi, alimfunga Uhuru Kenyatta mnyororo wenye tufe zito mguuni wakati wa kesi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Rais anakagua gwaride, tufe linaburuzwa. Rais anahutubia, tufe liko pale. Sura ya Uhuru haikuhitaji kuharibiwa, kwa kuwa mnyororo ulikwishasema yote.

Dhana: Ni utani tu, haumuumizi mtu

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inatoka kwetu sisi tunaoujua utani vizuri. Mtani anaingia msibani, anavaa shati la marehemu, anaiga mwendo wake na madeni yake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Anaruhusiwa kwa sababu kesho na yeye atataniwa. Kuna usawa. Mnyonge anapomchora mkubwa, usawa huo anautengeneza kwa kalamu.

Geuza sasa mkono wa kalamu uone. Jarida la Kangura la Rwanda, lililoanza 1990, lilijaa katuni za kuwadhalilisha Watutsi, wanawake hasa. Zilikusudiwa kuchekesha, na bila shaka kuna waliocheka. Desemba 2003, hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, pamoja na watu wawili wa redio ya chuki RTLM. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama katuni fulani inachekesha, mimi huuliza kwanza anayechekwa ni nani, na ana ubavu gani wa kujibu.

Dhana: Katuni ni za wavivu wa kusoma

Jaribu kufungua gazeti la miaka kumi iliyopita. Habari utazielewa, katuni nusu yake zitakupita. Anayezifaidi ni yule aliyekwishasoma habari.

Dhana: Wanachora wanachotaka

Januari 2015 Gado alimchora Rais Kikwete kwenye The EastAfrican, amejilaza, amezungukwa na wanawake walioandikwa majina ya maovu, ufisadi ukiwemo. Mwezi huohuo gazeti likazuiwa kusambazwa Tanzania. Serikali ilisema halikuwa limesajiliwa nchini. Mwaka 2016 Gado akaondoka Nation, kampuni inayolichapisha gazeti hilo, alikofanya kazi tangu 1992, baada ya mkataba wake kutoongezwa. Kwa mchoraji, habari za namna hii hukaa mezani pamoja na wino. Ukiona katuni ya siku imepoa, inawezekana ile ya moto ilibaki kwenye droo ya mhariri.

Je, basi wanachekesha?

Baadhi, ndiyo, na sana. Masoud Kipanya kwenye Mwananchi ananichekesha kwa sababu anausikia mtaa. Sentensi zake ni za kijiweni, fupi, na panya wake mdogo anakuachia neno ambalo utalirudia kwenye daladala. Kichekesho chake kiko kwenye Kiswahili chenyewe. Jaribu kukihamishia lugha nyingine, kinakufia mkononi.

Na ule ukweli wa lalamiko ni huu: ziko katuni nyingi zilizochoka. Mzee aliyekonda kaandikwa MWANANCHI, amebeba gunia limeandikwa KODI, juu yake kakaa tajiri ameandikwa UFISADI. Tumeuona mchoro huo mara ngapi? Anayelazimika kuandika jina la kila kitu hajaipata picha bado. Nawaonea huruma, maana wazo linatakiwa kila siku na mhariri hangoji, lakini msomaji ana haki ya kufunua ukurasa.

Desemba 2024 Kenya, kijana anayechora kwa jina la Kibet Bull alitekwa, akaachiwa Januari 2025. Alichokuwa akikiweka mtandaoni ni vivuli vya Rais Ruto: weusi mtupu, bila macho, bila mdomo, bila maneno ya kuchekesha. Unamtambua rais kwa umbo la kichwa na mkao wa mabega.