Je, wajua? Kwa nini nishani ya vita ya mwalimu wa shule imehifadhiwa katika makumbusho ya kandanda?

Jioni moja barazani hapa Malindi, watu wakisubiri mechi ya ligi ya Uingereza ianze, kijana aliyekuwa amesoma habari za Makumbusho ya Taifa ya Kandanda yaliyoko Manchester alimgeukia mwalimu wake wa zamani akamwuliza: "Maalim, nishani ya vita yatafuta nini penye makombe na viatu vya wachezaji?" Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni maisha ya mtu aliyefundisha watoto, akacheza mpira, kisha akafa vitani akiwa na umri wa miaka 25.

Jina lake ni Donald Simpson Bell. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1890 katika mji wa Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, akasomea ualimu katika Chuo cha Westminster, London, kisha akarudi kwao kufundisha katika shule ya Starbeck. Mpira alikuwa ameupenda tangu ujana, na kwa muda aliucheza bila malipo, akipitia Crystal Palace na Newcastle United. Mwaka 1912 alitia saini na Bradford Park Avenue kuwa mchezaji wa kulipwa, na sababu yake yeyote anayemjua mwalimu wa shule ataielewa bila kuelezwa: mshahara wa darasani ulihitaji kuongezewa. Alikuwa beki mrefu, mzito wa mwili na mwenye mbio zisizotarajiwa kwa mtu wa umbo lake, na waliomjua walimsifu pia kwa upole. Naisisitiza sifa hiyo ya upole kwa kuwa habari za mashujaa wa vita zina tabia ya kuiacha nje.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Bell aliiomba klabu yake imwachilie kutoka kwenye mkataba ili ajiunge na jeshi. Klabu ilikubali, na mwezi wa Novemba akaingia akiwa askari wa kawaida asiye na cheo. Mwaka uliofuata alipandishwa kuwa luteni-usu katika batalioni ya 9 ya Green Howards, kikosi cha watu wa Yorkshire, akapelekwa Ufaransa. Tarehe 5 Juni 1916 alifunga ndoa na Bi. Rhoda Bonson, na baada ya hapo akarudi mstari wa mbele, ambako mapigano makubwa ya mto Somme yalikuwa yanakaribia.

Tarehe 5 Julai, mwezi mmoja kamili baada ya harusi, batalioni yake ilikuwa inashambulia handaki la Wajerumani lililoitwa Horseshoe, yaani kwato la chuma la farasi, kwa sababu ya umbo lake. Bunduki moja ya rashasha ilikuwa ikiwapiga Waingereza kutoka ubavuni, na kupigwa kutoka ubavuni ni balaa kubwa, maana risasi inayomkosa wa kwanza humpata wa pili au wa tatu katika safu ileile. Bell hakungoja kuamriwa. Akifuatana na koplo aliyeitwa Colwill na askari aliyeitwa Batey, alinyemelea kwa kufuata handaki dogo la kupitia, kisha akatoka juu mahali peupe, akakimbia chini ya risasi, akampiga kwa bastola yule aliyeishika rashasha, na bunduki hiyo pamoja na Wajerumani wenzake vikaangamizwa kwa mabomu ya mkono. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kuziona mbio za beki na mkono uliozoea kulenga, ingawa mwenyewe alipomwandikia mama yake alisema kwamba ilikuwa bahati tu na kwamba alirusha bomu moja peke yake. Siku tano baadaye, tarehe 10 Julai, karibu na kijiji cha Contalmaison, alijaribu kitendo kinachofanana sana na kile cha kwanza, na safari hii akauawa.

Nishani aliyotunukiwa ni Victoria Cross, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jeshi la Uingereza kwa ushujaa mbele ya adui. Ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856, na anayeitazama kwa mara ya kwanza huenda akashangaa, kwa kuwa haina dhahabu wala fedha. Ni msalaba wa shaba nyeusi, wenye simba juu ya taji, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ushujaa". Inasimuliwa kwamba yalipopendekezwa maneno "kwa mashujaa", Malkia aliyakataa, asije mtu akadhani kwamba askari wasiotunukiwa hawakuwa mashujaa. Hata sisi wa Kenya nishani hii si ngeni kwetu, kwani Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa katika jeshi la KAR (King's African Rifles), ambalo wazee wetu waliliita Keya, alitunukiwa kwa kitendo chake cha mwaka 1941 huko Ethiopia, ambako naye alipoteza maisha.

Nyuma ya kipande cha juu kinachoshika utepe huchongwa jina la mtu, cheo chake na kikosi chake, na nyuma ya msalaba wenyewe huchongwa tarehe ya kitendo. Hakuna nafasi ya kuandika shule wala klabu. Jibu la swali la barazani limo katika habari ya mwenye kuimiliki. Nishani ni mali ya mhusika, na akifa ni ya jamaa zake. Bi. Rhoda ndiye aliyeipokea ya mumewe kutoka kwa Mfalme George wa Tano mwezi wa Desemba 1916. Ilipouzwa mnadani mwaka 2010, kwa zaidi ya pauni 200,000, mnunuzi alikuwa chama cha wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, na ndiyo maana iko katika makumbusho ya kandanda. Walimdai Bell kuwa mwenzao, na wana haki, kwa kuwa ndiye mchezaji pekee wa kulipwa wa Kiingereza aliyepata kutunukiwa nishani hiyo.

Mimi ningependa kwamba kando ya shaba ile kuwekwe pia chaki au daftari la hesabu la Starbeck, kwa sababu ualimu uliutangulia mpira wa kulipwa maishani mwake na ndio uliokuwa kazi yake ya kwanza.

Amezikwa katika makaburi ya Gordon Dump, huko hukohuko Somme. Mahali alipoangukia wanajeshi walipaita Bell's Redoubt, yaani Ngome ya Bell, na tangu mwaka 2000 pana mnara wa kumkumbuka.