Ufafanuzi: Mpini wa plastiki pekee haukukingi na umeme

Kuna ujumbe usiochuja kwenye makundi ya WhatsApp: eti bisibisi yoyote yenye mpini wa plastiki au mpira inafaa kufungulia soketi na swichi, hata umeme ukiwa unawaka. Si kweli.

Plastiki haipitishi umeme. Hapo ujumbe uko sahihi. Ila mpini wa kawaida umetengenezwa kwa ajili ya kushikia tu, haukupimwa kwa umeme, na huenda una ufa usiouona. Tatizo kubwa zaidi ni chuma chenyewe. Kiko wazi kuanzia mpini hadi ncha, na kidole huteleza. Chuma hicho kikigusa waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, cheche zake zinaunguza.

Bisibisi ya umeme ina alama ya pembetatu mbili zilizopandana na maandishi 1000 V, na chuma chake kimevikwa plastiki hadi karibu na ncha. Kuzungushia tepu bisibisi ya kawaida hakuigeuzi kuwa hiyo.

Mkanganyiko unaeleweka. Watu wameona fundi akishika testa (bisibisi ya kupimia kama waya una umeme) bila kudhurika, wakasifu mpini. Kumbe ndani ya testa kuna kizuizi kinachopitisha umeme kidogo mno. Mwingine aliokolewa na ndala kavu alizovaa, si mpini.

Hata ukiwa na bisibisi sahihi, zima swichi kuu kwanza. Na ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.