Gari limegongwa nyuma: yasemwayo mitaani Tanga na ukweli wake

Gari likigongwa nyuma pale Ngamiani, ushauri hufika kabla ya trafiki. Mmoja atakuambia chemsha maji, mwingine ana fundi wake wa bei poa, wa tatu atasema liache hivyo hivyo mradi linatembea. Wote wanazungumzia bampa. Mimi naomba tuangalie kilicho nyuma ya bampa, maana huko ndiko pesa inakookolewa au kupotea, na uhai vilevile.

"Mwagia maji ya moto, linarudi." Hili lina ukweli ndani yake. Bampa za magari madogo tuliyoyazoea, IST, Vitz, Raum na wenzao, nyingi ni za plastiki iitwayo polipropilini. Ukilifungua bampa na kuligeuza, utakuta ndani herufi zimechongwa kwenye plastiki yenyewe: PP, au PP+EPDM. Plastiki hii hulainika kwa joto. Ukiisukuma kwa ndani ingali moto hurudi umbo lake, na maji ya baridi huikaza palepale. Kibonyeo kipana, kisicho na mkunjo mkali, kitengeneze mwenyewe uani kwa birika na glavu nene. Sioni sababu ya kumlipa mtu kwa kazi hiyo. Lakini plastiki ikishakunjika hadi ikaacha mstari mweupe, au ikapasuka, maji hayataisaidia. Supa gluu nayo haishiki polipropilini. Ufa huungwa kwa kuyeyusha kijiti cha plastiki ya aina ileile, ndiyo maana zile herufi ni za kusoma kabla ya kununua chochote.

"Bampa limerudi, gari limepona." Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Bampa ni ganda tu. Nyuma yake mara nyingi kuna sponji ngumu, na nyuma ya sponji kuna chuma kilichofungwa kwenye ncha za chesisi. Plastiki inaweza kuruka na kurudi safi huku sponji imevunjika na chuma kimepinda. Ukigongwa tena, hakuna kinachopokea kishindo. Kinakwenda moja kwa moja kwenye sakafu ya buti.

Kukagua hakuhitaji mashine. Funua kapeti la buti, toa tairi la spea, umulike pembeni kwa tochi ya simu. Tafuta mikunjo midogo kwenye bati, rangi iliyobanduka, au ile lami ya kwenye maungio iliyopasuka. Kisha pitisha kidole kwenye pengo kati ya mlango wa buti na bodi, kushoto halafu kulia. Upande mmoja ukiwa mpana na mwingine umebana, bodi imesogea. Fungua milango ya nyuma usikie kama inakwaruza. Mwisho bana kipande cha karatasi kwenye raba ya mlango wa buti, funga, uvute. Ikitoka bila kushikwa, raba haizibi tena.

Raba hiyo usiidharau. Bomba la ekzosi linapita chini ya bampa, na pigo la nyuma huweza kulisukuma na kufungua maungio yake. Moshi ukipata upenyo wa kuingia, unaingia na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito kwa wanaokaa kiti cha nyuma si uchovu wa safari ya Segera, na waliokaa huko mara nyingi ni watoto. Gari la namna hiyo lisimame hadi ekzosi na raba vitengenezwe.

Chesisi au sakafu ikiwa imesogea, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Mnyororo uliofungwa kwenye mti wa mwarobaini utavuta chuma, ila hautakuonyesha kama vipimo vimerudi sawa. Tafuta gereji yenye benchi ya kunyooshea chesisi na vipimo.

"Tangi likiwa tupu, chomelea tu." Hapana! Kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi lililoisha mafuta limejaa mvuke huo. Kwenye magari mengi madogo tangi liko chini ya kiti cha nyuma, hatua chache kutoka kwa cheche. Kama kuna kuchomelea karibu nalo, tangi lishushwe na kuwekwa mbali, na betri itolewe waya.

"Puti inamaliza kila kitu." Puti, ule uji mzito unaopakwa na kukauka ukawa mgumu, ni ya kusawazisha bati lililokwisha kunyooshwa, milimita chache tu. Ikijazwa kwenye shimo hupasuka. Na puti hunyonya unyevu: mji wetu una upepo wa bahari na chumvi mwaka mzima, kwa hiyo puti iliyopakwa juu ya kutu, au ikaachwa wazi bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba, itainua malengelenge. Gereji kubwa nayo inaweza kukufanyia hivyo. Omba kuliona bati kabla ya puti, na siku ya kuchukua gari pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika kwenye bati, chini kuna puti nene.

Rangi ya kopo inafaa mkwaruzo mdogo. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota iko kwenye mstari wa C/TR. Ukikuta 070, ile nyeupe ya lulu, inapakwa kwa tabaka tatu, na kopo moja halitafanana nayo. Rangi nyingi za kopo hazina hadina, ile dawa ya kukazia rangi, kwa hiyo tone la petroli pembeni mwa mfuniko wa tangi huziyeyusha. Rangi yenye hadina ni ngumu, lakini ina kemikali iitwayo isosaineti inayoweza kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Usiipulize uani watoto wakicheza.

"Nina bima ndogo tu (ile ya kulipia hasara ya mtu mwingine), basi nitajitengenezea." Kama umegongwa wewe, inayohusika kwanza ni bima ya aliyekugonga, na bima ndogo kwa kawaida hulipia mali ya mtu wa tatu. Hakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya gari, palepale barabarani, kabla hajakushikisha noti mbili tatu za "tuyamalize". Chukua picha na taarifa ya polisi, usianze matengenezo yoyote, na mkaguzi wa bima akija mwombe aangalie bampa likiwa limetolewa.