Si Mizinga, Ni Paa

Jana tena. Nipo juu ya jukwaa na ndoo ya chokaa, nakarabati gofu la abasia, yaani makao ya zamani ya wamonaki, mgeni ananipazia sauti kutoka chini: "Fundi, Henry wa Nane alilipiga hili kwa mizinga mingapi?" Hata mmoja. Mfalme huyo wa Uingereza alizifunga abasia karne ya kumi na sita, ila hapa mizinga haikuhitajika. Ukija kutembea Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, asubuhi gofu la Rievaulx na mchana la Byland, acha kutafuta alama za moto. Tazama juu, pale penye mawingu palikuwa na paa.

Rievaulx, abasia ya Wasistersiani (shirika la wamonaki Wakatoliki) iliyoanzishwa 1132, ilikabidhiwa kwa mfalme Desemba 1538, kwa saini tu. Abate na wamonaki wake wakapewa pensheni, wakaondoka. Kilichotakiwa ni risasi iliyoezekwa paa, si ya bunduki bali ile metali laini na nzito, maana risasi ilikuwa pesa. Ikang'olewa, ikayeyushwa, ikamiminwa kuwa vipande vizito vyenye mhuri wa mfalme. Baadhi havikufika popote: vilifukiwa na ukuta ulioporomoka, vikafukuliwa miaka ya 1920, na risasi yake ikakarabati dirisha la Five Sisters katika kanisa kuu la York.

Halafu ninaambiwa, "Lakini ukuta wa mawe hauhitaji paa." Jamani! Ukuta mnene namna ile si jiwe tupu. Ni nyuso mbili za mawe ya kuchonga, na katikati yake kifusi na chokaa. Maji yakiingia kwa juu yanatuama humo. Usiku wa baridi yanaganda, yanavimba, yanausukuma uso wa nje. Mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, karne baada ya karne. Chokaa inaoshwa, kifusi kinalegea. Kwa nje unaona ukuta mzima, kumbe umeegemea gunia la viazi. Ndugu waliozoea magofu ya Kilwa hunibishia sana hapa. Kilwa hakuna barafu.

Wezi wa mawe? Walikuwepo. Jumba la Fountains Hall lilijengwa kwa mawe ya abasia jirani yake. Lakini paa lilitangulia.

Jambo ambalo mabango hayaliandiki ni letu sisi mafundi. Waliotutangulia karne iliyopita walikwangua nyasi zote juu ya kuta na kuziba kwa saruji. Saruji ikapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea. Siku hizi tunarudisha udongo na nyasi: zinakunywa mvua, zinapunguza makali ya baridi. Naunga mkono, ila kwa ukuta mwembamba ulio mlimani kwenye upepo bado nasita, na wenzangu tunabishana. Rievaulx kwenyewe kuna zege la nondo lililofichwa ndani ya mawe na mafundi wa serikali karne iliyopita. Ukinitaka nikuonyeshe kwa kidole wapi kazi ya wamonaki inaishia na ya serikali inaanzia, kuna mahali nitakwepa swali.

Byland, simama mbele ya lile dirisha la duara lililobaki nusu ya chini. Piga picha utakavyo, ila usipande ukuta. Ukiona nyasi juu ya gofu, usifikiri tumesahau kupalilia.