Je, wajua kwanini skrubu za darubini ya bunduki hulegea hata ukizikaza kwa nguvu zote?

Mjomba wangu yuko Liwale, mkoa wa Lindi, ana bunduki ya kuwindia anayoimiliki kihalali kwa miaka mingi, na juu yake kuna darubini. Msimu mmoja ikawa inapiga hovyo. Risasi ya kwanza kushoto, ya pili juu, ya tatu hata kwenye boksi la shabaha haionekani. Tukalaumu risasi, tukalaumu mtutu, mwishowe nikashika darubini kwa vidole viwili nikaitikisa kidogo, ikacheza. Haikucheza sana, ni kama jino linaloanza kulegea.

Nikafanya ambacho karibu kila mtu angefanya, nikachukua spana ya L nikakaza mpaka mkono ukauma. Niliamini skrubu hulegea kwa sababu haikukazwa vya kutosha. Basi. Safari iliyofuata kutoka Nangurukuru mpaka Liwale kwa ile barabara ya vumbi, bunduki ikiwa ndani ya mkoba nyuma ya gari, tulipofika skrubu mbili zilikuwa zimelegea tena na ya tatu thredi zimekufa. Zimekufa kwa sababu nilikaza mno.

Kosa langu lilianzia hapa, nilidhani skrubu inashikilia darubini kama msumari unavyoshikilia ubao, yaani chuma kinazuia kwa kusimama njiani. Sio hivyo kabisa. Skrubu kazi yake ni kubana vipande viwili vya chuma ili msuguano kati yao ndio ushikilie. Na ili ibane lazima yenyewe iwe imevutika. Ndio, chuma kinavutika, kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho halioni, halafu kinataka kurudi, na huko kutaka kurudi ndiko kubana.

Fikiria mpira wa tyubu unaofungia mzigo kwenye kiti cha bodaboda. Ukiuvuta vizuri mzigo hauendi popote, ukiuzungusha bila kuuvuta unaonekana umefunga ila shimo la kwanza tu barabarani mzigo uko chini. Sasa chukua mpira mrefu na mpira mfupi kama kidole, vyote vimevutwa barabara, halafu mzigo ubonyee kidogo, tuseme gunia limejipanga. Mpira mrefu bado una mvuto wa kutosha, ule mfupi umebaki bila mvuto wowote. Skrubu za darubini ni ule mpira mfupi. Zina urefu wa milimita chache tu, kwa hiyo rangi kidogo, mafuta au kipande cha uchafu kilichobaki kati ya kitako (kile chuma kinachofungwa juu ya bunduki kubeba darubini) na bunduki kikishabonyea, mvuto wote unapotea, wala skrubu haijazunguka hata kidogo! Hii ndiyo iliyonishangaza kuliko yote, kwamba skrubu inaweza kulegea bila kuzunguka.

Kuzunguka kunakuja baadaye. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachofungua bolti haraka zaidi ni vipande vilivyobanwa kuteleza kwa ubavu, huku na huku. Thredi ni mlima mdogo uliozungushwa kwenye mhimili. Msaada wa kuielewa uko kwenye maghala ya korosho, egemeza ubao kwenye lori uweke gunia juu yake, gunia limetulia kwa sababu ya msuguano. Lisukume kwa ubavu kidogo tu, utaona halijaenda ubavuni peke yake, limeteremka pia, kwa sababu msuguano ulikuwa unatumika kupambana na msukumo wako na haukubaki wa kulizuia lisishuke. Skrubu nayo kila inapoyumbishwa kwa ubavu inateremka mlima wake, yaani inafunguka. Junker alipima kwa mashine yenye mtikisiko wa mfululizo, teke la bunduki ni pigo moja moja, kwa hiyo barabara mbovu ndiyo inafanana zaidi na jaribio lake. Na kwenye majaribio ya namna hiyo zile washa za springi tunazoziamini sana hazisaidii kitu cha maana.

Teke lenyewe sio dogo. Bunduki ya .375 H&H, risasi iliyoanza 1912 na inayotumika sana kwa nyati, inarudi nyuma kwa ghafla kiasi kwamba darubini ya nusu kilo, kwa kukadiria, inavuta skrubu zake kwa uzito unaozidi mfuko wa saruji na nusu, kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho. Tena darubini inabaki nyuma ya mwendo, bunduki inarudi, yenyewe inataka kwenda mbele. Na kitako kikinyanyuka upande mmoja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye urefu wa sentimita 10, kwenye mita 100 risasi inapotea kama sentimita 10.

Kutengeneza tuliketi kwenye mkeka barazani. Kwanza mjomba akatoa risasi zote akaziweka chumba kingine, akafungua chemba akaangalia, akaniambia, "Na wewe angalia, mpwa wangu, usiniamini mimi." Nikaangalia. Tukafungua kila kitu. Nilipopitisha pamba yenye spiriti kwenye matundu ilitoka nyeusi, mafuta ya miaka. Tukafuta mpaka pamba ikatoka nyeupe, na skrubu hivyo hivyo, ile iliyokufa tukaweka mpya ya saizi ile ile. Ingekuwa tundu lenyewe limekufa, hapo ni kwa fundi wa silaha mwenye kibali, usijaribu kutoboa nyumbani.

Kitako tukakirudisha kikiwa kikavu, darubini ikiwa ndani ya ringi, yaani pete zinazoishika, ikasukumwa mbele mpaka ringi zikagusa ukingo wa mfereji wa kitako, kwa kuwa ndiko itakakotaka kwenda. Skrubu zikakazwa kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, mpaka nafasi pande zote mbili zikalingana. Ringi nyingi zinataka nguvu ya nyutoni mita 2 hivi, ambayo ni sawa na kuning'iniza kilo mbili za sukari kwenye ncha ya spana ya sentimita 10. Linganisha na mkono wangu ulivyouma! Ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayoamua, maana sehemu kubwa ya nguvu unayotia, kama asilimia 90, inaliwa na msuguano, na skrubu yenye unyevu wowote itavutika zaidi kuliko kavu kwa nguvu ile ile.

Kwenye skrubu za kitako tukatia tone moja la gundi ya nati, ile ya bluu. Vernon Krieble, profesa wa kemia Marekani, ndiye aliyeibuni mwaka 1953, na inaganda pale inapokosa hewa ikiwa imebanwa kati ya chuma na chuma, ndio maana kwenye chupa haigandi. Nyekundu usiiguse, kuifungua inataka moto wa nyuzi 250 hivi. Tukaiacha siku nzima.

Mwisho binti wa mjomba akaleta rangi ya kucha, tukachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu mpaka kwenye ringi. Skrubu ikizunguka hata kidogo mstari unavunjika na utauona. Baada ya risasi kumi za kurekebisha shabaha na safari mbili za Nangurukuru, nimeiangalia juzi, mistari yote sita bado imenyooka.