Je, wajua? Kwa nini mume aliyebaki peke yake aliitwa "mgane wa nyasi"

Mke kaenda kwao kumuuguza mama yake, mwezi mzima. Mume kabaki, asubuhi anakaanga mayai, jioni anakaanga mayai. Sisi tutamtania kuwa karudi ukaperani. Waingereza wa zamani walimwita grass widower, yaani mgane wa nyasi. Mgane, kwa aliyelisahau neno hili zuri, ni mwanamume aliyefiwa na mkewe. Sasa huyu wa kwake yu hai na jana kapiga simu. Nyasi zimetoka wapi?

Zimetoka kitandani. Jina la mume ni la karne ya 19 tu. Lililotangulia ni la mwanamke, "mjane wa nyasi", ambalo limo katika maandishi ya Uingereza tangu miaka ya 1520, na halikuwa utani hata kidogo. Alitukanwa hivyo mwanamke aliyekaa na mwanamume bila ndoa kisha akaachwa, mara nyingi na mtoto mkononi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyasi ndizo walizolalia wapenzi hao, kwa kuwa kitanda cha ndoa hawakuwa nacho. Mswahili hashangai: mambo ya mke na mume tunayaita unyumba, na anayezaliwa pasipo ndoa ni mtoto wa nje. Wajerumani nao wana Strohwitwer, mgane wa mabua, na mpaka leo wanalitumia bila kulionea haya.

Tusi liligeukaje mzaha? India ya wakoloni ilichangia sana. Joto lilipozidi huko tambarare, maofisa wa Kiingereza waliwapeleka wake na watoto milimani, hasa Simla, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambao mwaka 1864 ulifanywa makao ya serikali wakati wa kiangazi. Waume wengi walibaki chini na mafaili na jasho lao. Wake huko juu wakaitwa wajane wa nyasi, na umbea wa Simla haukuwa na likizo. Wapo wanaoshikilia kuwa nyasi zenyewe ni zile za kijani za mlimani. Hadithi tamu, ila neno lilikuwa na umri wa karne tatu tayari.

Lilipomfikia mume, uchafu wake ulikuwa umeshafuliwa. Yeye hakutukanwa, alihurumiwa, akaalikwa chakula cha jioni.