Kabla hujaagiza boila inayozalisha umeme

Wenye ndugu Ulaya huniuliza sana kuhusu boila za nyumbani zinazopasha maji na papo hapo kuzalisha umeme. Zipo, na zinafanya kazi vizuri. Lakini kwa nyumba ya hapa Moshi, ushauri wangu ni usinunue.

Aina moja hutumia injini iliyobuniwa na Robert Stirling wa Scotland mwaka 1816. Moto unapasha upande mmoja wa silinda, maji yanapooza upande wa pili. Gesi iliyofungiwa ndani inatanuka na kusinyaa, pistoni inacheza, umeme unapatikana. Joto linalobaki linaingia kwenye maji. Hilo ndilo ninalolipenda, maana jenereta zetu za dizeli hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kupitia ekzosi na rejeta.

Tatizo ni kwamba umeme unakuja pale tu joto linapohitajika. Chukua boila inayotoa kilowati 1 ya umeme kwa kilowati 6 za joto. Familia ikitumia lita 150 za kuoga, kutoka nyuzi 20 hadi 40, zinatakiwa kama uniti 3.5 za joto. Boila itawaka dakika 35 hivi, ikupe uniti 0.6 za umeme, basi. Uingereza wakati wa baridi huwaka saa nyingi kupasha vyumba. Sisi, hata Julai, tunaongeza blanketi.

Tena nyingi hujizima umeme wa gridi unapokatika, zisije zikamrusha fundi aliye kwenye nguzo. Kwa hiyo anayeitafuta kwa ajili ya mgao wa umeme hatasaidika. Bora hita ya jua juu ya bati, na paneli zenye betri kwa ajili ya taa.

Wazo lenyewe, hata hivyo, liko hapa hapa siku nyingi. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, huchoma makapi ya miwa; mvuke unazalisha umeme kwanza, kisha unakwenda kuchemsha maji ya miwa. Umeme wa ziada huuzwa kwa TANESCO. Pale joto linahitajika usiku na mchana msimu mzima.

Ndiyo maana mwenye hoteli Arusha yenye dobi kubwa, au msimamizi wa hospitali, nitakaa naye kwa hamu. Aje na daftari la maji ya moto anayotumia saa kwa saa. Bili ya umeme tutaiangalia baadaye.